Friji Naichukua, Karatasi Baki Nayo

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimekwenda kununua friji, bei tumeshaelewana, sasa muuzaji anasema niongeze hela kidogo nipate waranti ya miaka miwili zaidi. Nichukue?" Wengine huuliza wakiwa bado dukani, wametoka nje kidogo wakijifanya wanapokea simu.

Jibu langu fupi: mara nyingi, usichukue. Limebaki jibu refu, kwa kuwa zipo nyakati chache ambapo inafaa kuchukua, na kwa kuwa kukataa mbele ya kijana mchangamfu aliyekwishakuita "bosi" mara nne si kazi nyepesi. Nawaandikia zaidi wanunuzi wa Tanzania na Kenya. Walioko Uingereza nimewawekea maneno yao mwishoni.

## Waranti unayo tayari

Kabla ya kununua nyingine, jua uliyonayo. Karibu kila kifaa kipya cha kampuni inayojulikana kinakuja na ulinzi wa aina tatu, na muuzaji ana sababu za kutokukumbusha hata mmoja.

Ya mtengenezaji. Kwa kawaida ni mwaka 1 au 2 kwa kifaa kizima. Kompresa ya friji na mota ya mashine ya kufulia mara nyingi hupewa muda mrefu zaidi: miaka 5, 10, hata zaidi. Ile stika kubwa ya "10" iliyobandikwa mlangoni isomwe vizuri. Mara nyingi maana yake ni kwamba kompresa yenyewe utapewa bure, lakini baada ya mwaka wa kwanza ufundi, gesi na usafiri ni juu yako.

Ya sheria. Tanzania kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya kuna yake, Sura ya 31. Zote mbili zinachukulia kwamba bidhaa uliyouziwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo inapaswa kuwa na ubora unaostahili na kufanya kazi uliyoinunulia. Kenya imeongeza Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima kuhusu masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mikataba ya walaji, hata kama hayakuandikwa. Kwa hiyo friji isiyogandisha tangu siku ya kwanza ni tatizo la aliyekuuzia. Muhuri mwekundu wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" haumalizi mjadala.

Ya duka. Hii ndiyo ile inayoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti: "warranty 1 yr", na sahihi isiyosomeka. Ina thamani sawa na thamani ya duka lenyewe. Ukiwa Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, jiulize kama fremu hiyo mwakani itakuwa bado inauza friji au itakuwa imegeuka duka la mapazia.

Tahadhari moja hapa. Bidhaa nyingi katika maduka hayo zimeletwa na wafanyabiashara moja kwa moja kutoka Dubai au China bila kupitia kwa wakala rasmi wa kampuni. Kifaa ni halisi, bei ni nzuri, lakini wakala wa nchini anaweza kukataa kukihudumia. Muulize muuzaji: "Ikiharibika, naipeleka wapi, kwako au kwa wakala?" Akisema kwa wakala, mpigie wakala ukiwa hapohapo na umsomee namba ya kifaa iliyoko nyuma. Ni dakika tano tu.

## Kinachoua vifaa vyetu hakimo kwenye karatasi

Hapa ndipo nilipo na neno la kusema kuliko kwingine kote.

Keti na fundi yeyote wa friji mwenye uzoefu, muulize ni nini kinachomletea kazi. Atakuambia umeme. Umeme unacheza, unakatika na kurudi ghafla, jioni unashuka kiasi kwamba taa zinakuwa za njano. Vifaa vyetu vimetengenezwa kwa volti 220 hadi 240, na kompresa inayolazimishwa kuanza kwa umeme mdogo hupata joto mpaka waya zake zikaungua. Kuna na jambo jingine. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, gesi ndani ya friji bado iko kwenye mgandamizo mkubwa, na kompresa inajaribu kuanza huku imebanwa. Ikirudiwa mara nyingi, inakufa.

Sasa fungua hiyo karatasi ya waranti, ya bure na ya kununua, utafute orodha ya yasiyohusika. Mara nyingi utakutana na haya:

- Madhara ya umeme kupanda, kushuka au radi
- Wadudu na panya (panya waliotafuna nyaya za mashine ya kufulia ni kesi ya kila siku, na mende hupenda joto la ndani ya maikrowevu)
- Kutu, jambo ambalo wakazi wa Tanga, Mombasa na Zanzibar wanalijua vizuri
- Kufungwa vibaya, au kufunguliwa na fundi asiye wa kampuni
- Kioo kilichopasuka, mpira wa mlango, taa, rimoti
- Matumizi ya biashara

Yaani yale yanayotupata kweli ndiyo yaliyoachwa nje. Unalipia ulinzi dhidi ya kasoro za kiwandani, na kasoro za kiwandani mara nyingi hujitokeza mapema, ndani ya ule mwaka wa kwanza uliopewa bure. Baada ya hapo kifaa hutulia miaka kadhaa, kisha huanza kuchoka, na wakati huo waranti ya nyongeza nayo imekwisha.

Kwa hiyo hela ya waranti ipeleke kwanza kwenye umeme:

1. Gadi ya friji. Kile kidude unachochomeka ukutani, kisha friji inachomekwa juu yake. Kinakata umeme ukizidi au ukipungua, na ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Gadi ya TV haifai kwa friji. Zimepangwa kwa kazi tofauti.
2. Stabilaiza, kama kwenu umeme mdogo ndio wa kawaida. Gadi inakata tu, ilhali stabilaiza inaupandisha umeme ufikie kiwango. Chagua inayozidi mahitaji ya kifaa kwa nafasi nzuri, maana friji inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inavyoandikwa.
3. Soketi yenye ethi, ya ukutani. Friji na mashine ya kufulia zisichomekwe kwenye ekstensheni pamoja na pasi na birika.

Ukifanya haya matatu na ukakataa karatasi, mimi nakuhesabu umelindwa zaidi ya jirani aliyenunua karatasi akaichomeka friji moja kwa moja ukutani.

## Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Unaanza maisha, unanunua friji ya Sh 1,200,000 za Tanzania, mashine ya kufulia ya Sh 900,000 na TV ya Sh 800,000. Kwa kila kimoja unaombwa asilimia 10 ya bei kwa waranti ya miaka miwili zaidi. Jumla ni Sh 290,000.

Ili hela hiyo irudi kwako, mambo manne lazima yakutane: kifaa kiharibike, kiharibike ndani ya miaka hiyo miwili, chanzo kiwe miongoni mwa yaliyotajwa, na aliyetoa karatasi akubali kwamba ndivyo. Likikosekana moja, hupati kitu.

Weka Sh 290,000 hizohizo kwenye akaunti ya akiba ya simu. Zinatengeneza kifaa chochote, kwa sababu yoyote, panya akiwemo, kwa fundi unayemchagua wewe. Zisipotumika ni zako.

Najua utaniambia hizo hela zitaliwa kabla friji haijaharibika. Ni kweli, kwa baadhi yetu. Ikiwa unajijua hivyo, lipia gadi leo.

## Wanavyokubana, na cha kujibu

Usimchukie muuzaji. Mara nyingi mshahara wake ni mdogo, na kwa kila karatasi anayouza anapata kitu kidogo. Duka nalo linapata faida kwenye karatasi kuliko kwenye friji yenyewe, ambayo bei yake imeshabanwa na ushindani wa duka la jirani. Ndiyo maana anakuganda. Ukilijua hilo utamkataa bila hasira.

"Ni hela ndogo tu, kwa siku haifiki bei ya soda."
Usijadili soda. Uliza: "Jumla ni shilingi ngapi, na nikilipa leo inaanza lini?"

"Bila hii, ikiharibika hutahudumiwa."
Si kweli, na sheria za ushindani za nchi zote mbili zinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake. Mwambie kwa upole: "Niandikie hayo kwenye risiti, uweke na muhuri." Hataandika.

"Ofa hii ni ya leo tu."
Omba masharti yaliyochapishwa ukasome nyumbani. Kama hayapo, basi hakuna unachouziwa. Waranti nyingi za nyongeza za mtengenezaji hukubali ununue baadaye, mradi ile ya kwanza haijaisha. Mpigie wakala umuulize.

"Punguzo tulilokupa ni la wanaochukua na waranti."
Hapa wengi hunaswa. Walishaelewana Sh 1,150,000, sasa wanaambiwa bila karatasi inarudi 1,200,000. Dawa yake ni kutangulia: tangu mwanzo sema, "Naulizia bei ya friji peke yake, bila kitu kingine." Akikugeukia mwishoni, linganisha jumla na jumla. Kama kweli karatasi inapunguza bei kuliko inavyoongeza, ichukue ukaisahau kabatini.

"Mama, wewe ndiye utakayeteseka ikiharibika, si baba."
Mbinu ya zamani: wakienda wawili, anamwacha aliyekataa anamgeukia mwenzake. Elewaneni nyumbani kabla ya kutoka, na mseme neno moja.

Na ipo ile isiyosemwa kabisa, ambayo ndiyo ninayoiogopa zaidi: imeshaandikwa kwenye hesabu yako. Hasa ukinunua kwa kulipa kidogo kidogo, muuzaji anakutajia malipo ya mwezi tu, na ndani yake kuna waranti, "ada ya huduma", na riba inayotozwa juu ya vyote hivyo. Kabla ya kutoa kadi au kuweka namba ya siri ya simu, omba hesabu iliyochanganuliwa. Kila mstari usioujua, uliza. Usioutaka, ufutwe na hesabu ichapwe upya.

Kuhusu namna ya kukataa: sema "Nashukuru, nachukua friji peke yake." Akirudia, rudia maneno hayohayo. Usitoe sababu. Ukisema ni ghali, atapunguza. Ukisema utafikiria, atakuitia meneja. Ukisema friji za kampuni hii haziharibiki, ana hadithi ya mteja aliyelia hapo juzi. Sababu zote ameshafundishwa majibu yake. Asiyetoa sababu hajibiki.

Pakizidi, ondoka. Friji hiyo haiko duka moja.

## Lini inafaa kuchukua

Kuna hali ambazo mimi mwenyewe ningefikiria mara mbili:

- TV kubwa, kama karatasi inasema waziwazi kwamba inahusu kioo kinachoharibika chenyewe (mistari ya rangi, nusu ya picha kuwa nyeusi). Kubadilisha kioo cha TV hukaribia bei ya TV nzima.
- Kifaa chenye bodi nyingi za elektroniki, mathalani mashine ya kufulia inayofua na kukausha, na karakana rasmi ya kampuni iko mjini kwako.
- Waranti inayotolewa na mtengenezaji mwenyewe kwa bei ndogo, au bure ukisajili kifaa. Usajili wa namna hiyo usiuache. Ni kuingiza namba ya kifaa na tarehe ya kununua, basi.

Kipimo changu: ikizidi sehemu ya kumi ya bei ya kifaa, siendelei kusikiliza. Isipozidi, nauliza yafuatayo, na majibu nayataka kwa maandishi.

- Nani analipa: duka, mtengenezaji, au kampuni ya bima? Kama ni bima, na karatasi nyingi zinazotaja wizi au ajali ni bima, kampuni hiyo iwe imesajiliwa na mamlaka ya bima: TIRA kwa Tanzania au IRA kwa Kenya.
- Inaanza leo, au baada ya ile ya mtengenezaji kuisha? "Miaka mitatu" inayoanza leo ni miwili tu, maana mmoja ulikuwa nao bure.
- Fundi anakuja nyumbani au napeleka mimi? Kwa anayekaa Sumbawanga au Lodwar, kusafirisha friji kwenda na kurudi kunaweza kumaliza faida yote.
- Spea isipopatikana, napewa kifaa kipya, au fedha? Fedha kiasi gani, ya bei niliyonunulia au iliyopunguzwa kwa umri?
- Friji ikikaa kwenye genge, saluni au kibanda cha chakula, bado inahusika? Jibu huwa hapana. Mama lishe wengi hulijua hilo wakati fundi wa kampuni ameshaingia mlangoni na kuona kreti za soda.

## Makosa yanayofanya hata waranti ya bure ipotee

Kununua bila risiti ili kupunguziwa. Tanzania dai risiti ya EFD, Kenya dai ya eTIMS. Bila hiyo huna ushahidi wa tarehe, na pasipo tarehe hakuna waranti ya kuzungumzia. Kwa Tanzania, mnunuzi asiyedai risiti naye anatenda kosa kisheria.

Kuitunza risiti kama ilivyo. Karatasi zile hufifia. Baada ya miezi kadhaa kabatini unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, pamoja na kadi ya waranti na namba ya kifaa, uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Kadi isiyojazwa. Hakikisha imeandikwa tarehe, namba ya kifaa na kupigwa muhuri kabla hujatoka dukani.

Kumwita fundi wa mtaa kwanza. Akishafungua skrubu, wakala ana sababu ya kukukatalia. Piga simu kwa wakala kwanza, andika jina la aliyepokea na siku. Baada ya muda kuisha, fundi wa mtaa ni rafiki yako.

Kuchoma boksi. Lihifadhi wiki kadhaa. Ukitaka kurudisha, wanauliza boksi.

## "Mimi nimeshalipa"

Kama ni jana au juzi, rudi leo na risiti, sema hukuelezwa masharti na unataka kuifuta. Maduka mengi makubwa hupendelea kurudisha fedha kimya kimya kuliko kubishana mbele ya wateja. Nenda asubuhi, meneja akiwepo, si Jumamosi jioni. Ombi lako liwe na nakala iliyoandikwa, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp kwa namba ya duka.

Wakikataa, na uliambiwa uongo ili ununue, Tanzania peleka lalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Kenya peleka Mamlaka ya Ushindani. Karatasi ikiwa ni ya bima, nenda TIRA au IRA. Mkenya ana njia nyingine nzuri ambayo wengi hawaitumii: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021 na inayosikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000 za Kenya. Huhitaji wakili.

Na ikiwa muda umeshapita, basi itumie. Soma ulicholipia, weka ukumbusho kwenye simu miezi miwili kabla haijaisha, kagua kifaa chote, na kila kinacholia, kuvuja au kutetemeka kiripoti kabla ya tarehe.

## Kwa walioko Uingereza

Ninyi mna ulinzi mkubwa kuliko sisi, ila mnabanwa vilevile. Chini ya Consumer Rights Act ya 2015, kifaa chenye kasoro unaweza kukikataa ndani ya siku 30 na kurudishiwa fedha. Kasoro ikionekana ndani ya miezi 6, inachukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Na kuna amri ya mwaka 2005 mahsusi kwa waranti za nyongeza za vifaa vya umeme vya nyumbani: ukipewa bei dukani, unaweza kuomba iandikwe na ibaki wazi kwa siku 30, na ukinunua ya zaidi ya mwaka mmoja, una siku 45 za kuifuta na kurudishiwa fedha zote, mradi hujaitumia kudai. Basi "ofa ya leo tu" kwenu haina nguvu.

Kama friji yenyewe unainunua uipakie kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar, usiongeze waranti hata senti moja. Mara nyingi ulinzi huo haufuati kifaa kikitoka nchini. Kwa volti hutapata shida, maana umeme wa Uingereza na wa kwetu unakaribiana, na hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Ndugu zako walioko Marekani waambie wasitume kabisa: friji za huko ni za volti 120.